Nyuma ya Picha Kubwa

Tarehe 4 Februari

Mwanangu Futi,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, isipokuwa magoti ya mama yako mdogo, ambayo siku hizi yanatabiri mvua kuliko redio. Dada yako mwalimu amehamishiwa shule iliyo jirani na hapa, kwa hiyo kila mchana anakuja kula, na nyama kwenye sahani yangu imepungua. Mimi bado naingia karakana asubuhi na kutoka jioni. Sikio la kulia limeshakufa kabisa kwa kelele za mashine ya randa, ndiyo maana nakuandikia. Ulipopiga simu mwezi uliopita nilisikia "haloo" na "haya kwaheri". Ya katikati nilikuwa naitikia tu.

Najua utashangaa kupata barua yangu. Tangu tumzike baba yako, huu mwaka wa nne, sijakuandikia hata mstari, na siku ya mazishi yenyewe niliondoka kabla viti havijakunjwa. Hilo tuliache kwanza.

Jambo langu ni hili. Nataka kuja kutembelea hilo jumba la picha unakofanya kazi. Sijawahi kulitia mguu hata siku moja. Niambie mnafungua siku gani, saa ngapi, na kama mzee mwenye viatu vya karakana anaruhusiwa kuingia. Nataka siku isiyo na watu wengi. Nikija nitafikia kwako, kama bado una nafasi ya kutandika godoro chini.

Usinijibu kwa simu.

Mimi baba yako mdogo.


Tarehe 27 Februari

Baba mdogo,

Shikamoo. Nyingine mpelekee mama mdogo, pamoja na magoti yake. Barua yako ilikaa wiki nzima kwa karani wetu kwa sababu uliandika "Futi" juu ya bahasha, naye akafikiri ni tangazo la duka la vifaa vya ujenzi. Hapa hakuna aliyejua kwamba nyumbani naitwa hivyo. Sasa mlinzi ananiuliza kila asubuhi nina inchi ngapi.

Mimi ni mzima. Bado nakaa chumba kile kile, juu ya fundi redio. Kaka anaendelea na udereva wa mabasi, mama yuko kwake na anakusalimu. Nilipomwambia umeniandikia akasema, "Kumbe ana kalamu."

Njoo, Baba mdogo. Tunafungua saa nne hadi saa kumi na moja, kila siku isipokuwa Jumatatu. Alhamisi usithubutu, ni siku ya wanafunzi na hata mimi natamani kukimbia. Siku nzuri ni Jumatano, saa nane mchana. Hapo jumba zima tunakuwa mimi dirishani na tiketi zangu, mlinzi, na bibi mmoja anayekuja kulala chini ya feni ya ukumbi wa tatu. Viatu vyovyote vinaingia. Wakija watu kumi, sita wanauliza choo kiko wapi, kwa hiyo mtu anayetaka kuona picha kwetu ni mgeni wa heshima.

Sema tu unapenda picha za aina gani, nikupangie pa kuanzia. Tunazo za watu, tunazo za milima, na tunazo nyingine ambazo nadhani hata mchoraji mwenyewe hajui juu ni wapi na chini ni wapi. Njoo mwezi wa nne. Godoro lipo.

Mwanao, Futi (sasa hata huku).


Tarehe 15 Machi

Mwanangu,

Mwambie mama yako kalamu ninayo, tena nyekundu, ya seremala. Dada yako hajambo, anakula vizuri. Mama yako mdogo amepata dawa ya kuchua, na nyumba nzima inanuka kama zahanati.

Umeniuliza napenda picha za aina gani. Siji kuangalia picha. Nakuja kuangalia fremu, tena kwa nyuma.

Sijui baba yako alikuambia nini. Mimi na yeye ndio tuliotengeneza fremu za jumba hilo lilipokuwa jipya, zote thelathini na moja. Ni mwaka ule ulipokuwa unazunguka karakana na futi yetu shingoni kama mkufu, ukapata jina. Kubwa kuliko zote ni ya ile picha ya foleni ya maji, wanawake na ndoo zao, futi tisa kwa sita. Mninga mtupu. Kona zake hazina msumari hata mmoja. Nilizichonga mimi kwa patasi zikashikana zenyewe. Randa na vanishi ni vya baba yako.

Karakana ya babu yako ilikuwa na utaratibu wake. Mbele ya kazi huweki jina, mbele ni pa mteja. Nyuma, kona ya chini kushoto, kila aliyeshiriki anachora alama yake kwa penseli. Ya baba yako ni duara, yangu pembetatu. Kisha alama inachomwa kwa msumari wa moto isifutike, na huchomi yako. Unamchomea mwenzako, naye anakuchomea yako. Babu yako alisema mtu hajitolei ushahidi mwenyewe.

Kazi ile ilipokwisha mimi nilikuwa kitandani na homa, siku kumi sijui hili wala lile. Siku ya ufunguzi ikafika, baba yako akaipeleka na hamali sita. Nilipopata nafuu hamali mmoja akaniambia, "Fundi, mbona nyuma nimeona alama moja tu?" Sikuhitaji kumuuliza ni ya nani. Gazeti nalo liliandika fundi mmoja, na picha yake amesimama na wakubwa, amechomekea shati. Nikamwendea, nikamuuliza, "Uliniweka au hukuniweka?" Alitakiwa kujibu ndiyo au hapana. Akaniangalia toka juu hadi chini, akasema, "Nenda kaangalie mwenyewe."

Sikwenda. Nilikusanya patasi zangu nikahamia huku, na lile ndilo lililokuwa neno la mwisho kati yetu. Miaka ishirini na miwili sasa. Nina umri wa miaka sitini na nane, na neno hilo linanisumbua kuliko sikio. Nataka kwenda kuangalia. Kama hakuniweka, nijue nilikuwa na haki. Kama aliniweka, nijue nilikosea, nimwombe radhi hata kama ni kaburini.

Mwambie mkubwa wenu waigeuze picha dakika moja tu.

Baba yako mdogo.


Tarehe 20 Aprili

Baba mdogo,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Tulikuwa na ukaguzi wa wizara, tumepiga deki mpaka migongo haikunjiki. Basi la kaka limeharibika gia, na yeye mwenyewe ameharibika hasira, mama anasema hakuna wa kusemeshwa humo ndani. Mimi sijambo.

Kuhusu safari yako, mambo si mepesi kama nilivyodhani. Picha ya foleni ya maji ipo, ukumbi wa pili, naipita kila asubuhi nikienda kufungua madirisha. Wanawake ni kumi na mmoja, na yule wa nne amegeuka nyuma kana kwamba kuna mtu kamwita. Ni picha nzuri sana, watu wengi wanaipiga picha. Lakini kuigeuza si kazi ya mtu mmoja. Kuna mhifadhi, juu yake msimamizi, juu yake mkurugenzi, na juu ya mkurugenzi kuna kamati inayokutana ikijisikia. Kuishusha kunahitaji watu wanne wenye glavu. Na kabla ya yote hayo kuna fomu, nimeiambatanisha. Ijaze kwa herufi kubwa.

Kwa hiyo mwezi wa nne tuusahau. Mambo ya hamali na gazeti sikuyajua kabisa. Baba alikuwa anasema tu "mbao za lile jumba ni zetu", nami nikafikiri ni milango.

Kwani huwezi kuja kutembea tu? Tukae, uone mji, ule mapishi yangu. Hayo ya nyuma yanaweza kungoja.

Mwanao.


Tarehe 6 Mei

Mwanangu,

Hatujambo. Wewe hujambo. Tuendelee.

Fomu yako nimeijaza, na nataka ujue imenichukua siku mbili. Wanauliza "Taasisi unayotoka". Nimeandika karakana yangu. Wanauliza "Kiwango cha elimu". Nimeandika darasa la saba, halafu baba yangu. Wanauliza "Lengo la utafiti na manufaa yake kwa jamii". Dada yako alitaka kuniandikia maneno ya kisomi, nikamkatalia. Nimeandika: NATAKA KUANGALIA NYUMA. Mahali pa kubandika picha ndogo nimebandika ile ya kadi ya ushirika, ina muhuri kwenye paji la uso lakini ni mimi.

Kisha kuna ukurasa mzima wa kuahidi kwamba sitaigusa. Mimi niliichonga, Futi. Niliilaza juu ya mapaja yangu miezi mitatu. Nimetia sahihi, lakini nimetia kwa uchungu.

Ipeleke. Nangoja.

Baba yako mdogo.


Tarehe 11 Juni

Baba mdogo,

Shikamoo. Mama alikuwa mgonjwa wa tumbo, sasa amepona, ameanza tena kumsema kaka, kwa hiyo tumetulia. Basi limetengenezwa.

Kamati imerudisha fomu. Wanasema sababu haijafafanuliwa. Wanataka barua ya utambulisho kutoka taasisi inayotambulika, na karakana yako hawaitambui. Pia wanasema maombi ya namna hii yanachukua hadi miezi sita, na mwishoni mwa mwaka ukumbi wa pili utafungwa kwa matengenezo ya paa. Nakuomba usinikasirikie mimi. Mimi ni wa tiketi. Nikipita mbele ya ofisi ya mkurugenzi ananiuliza kama maji ya chooni yamerudi.

Kama ungekubali ushauri wangu, ningesema tuahirishe hadi mwakani. Picha haiendi popote.

Mwanao.


Tarehe 22 Juni

Futi,

Salamu baadaye.

Nimezisoma barua zako zote kwa mpangilio, nimezitandaza meza nzima. Ya kwanza unaniambia njoo, godoro lipo. Nilipokuambia ninachotaka kuona, ukaanza danadana. Mara wizara, mara glavu, mara kamati, mara paa. Nimefanya kazi na wateja miaka hamsini, najua mtu anayesema "kesho" kwa sababu kazi haijakauka na anayesema "kesho" kwa sababu kazi imeungua.

Kuna kitu kingine. Umeandika mistari mingi juu ya ile picha. Wanawake kumi na mmoja, wa nne kageuka. Neno fremu hujaliandika hata mara moja. Mtoto wa seremala.

Mimi sina miaka sita ya kamati wala miezi sita. Nimeshakata tiketi ya basi. Nafika Jumanne, tarehe 15 Julai. Jumatano saa nane mchana nitakuwa dirishani kwako, na ukinikatalia nitamwomba yule bibi wa feni anisaidie kuigeuza.

Baba yako mdogo.


Tarehe 30 Juni

Baba mdogo,

Shikamoo. Barua hii nampa dereva mwenzake kaka ili ikufikie kabla hujapanda basi. Usipande kwanza.

Fremu haipo.

Miaka mitatu iliyopita tulipata mkurugenzi mpya. Alisema fremu za zamani zinazikaba picha koo, akaagiza zitolewe zote. Sasa picha zimetundikwa hivyo hivyo, kingo wazi. Fremu zilirundikwa uani karibu na tangi la maji, zikanyeshewa miezi miwili. Kisha nikaambiwa niandike orodha. Niliandika mimi, kwa mkono wangu huu: "Fremu za mbao, chakavu, thelathini na moja." Nikatia sahihi. Tukaambiwa mwenye kutaka achukue, nyingine zitakwenda kuni.

Nilichukua ile kubwa. Sikujua ni ya nani, niliona tu ni mninga, na kwa futi tisa isingeingia hata mlangoni kwangu. Nikampelekea fundi wa vitanda aliye kona ya mtaa wetu, akaikata, akanitengenezea fremu ya kioo.

Barua yako ya mwezi wa tatu niliisoma nikiwa nachana nywele mbele ya kioo hicho. Nilipofika pale uliposema kona hazina msumari, nikaangalia juu. Kona mbili za juu hazina msumari. Mbili za chini ni za yule fundi, za msumari. Nilikigeuza kioo saa ile ile. Hakuna alama, kwa sababu za kwenu alizotumia ni kona za juu tu. Za chini zilibaki kwake, na hiyo ni miaka mitatu. Sijawahi kwenda kumuuliza, nikiogopa atakachonijibu.

Fomu yako haijafika kwenye kamati yoyote. Iko kwenye droo yangu, chini ya vitabu vya tiketi. Kila nikifungua droo nakuona na muhuri wako kwenye paji la uso.

Sikukusudia kukudanganya. Nilifikiri utachoka. Sikujua kwamba huchoki.

Na kuna jambo jingine, heri niseme yote. Miezi miwili kabla hajafariki, baba alikuja kazini kwangu. Ilikuwa Jumatano. Alikaa kwenye kiti cha mbele ya picha kubwa mpaka tunafunga. Nilimuuliza kama anaipenda, akasema aliyechora hajawahi kubeba ndoo. Halafu akaniuliza, "Baba yako mdogo amewahi kuja hapa?" Nikasema hajawahi. Akasema, "Atakuja." Nilichukulia ni maneno tu ya mzee.

Naomba radhi, Baba mdogo. Najua neno hili ni dogo.

Futi.


Tarehe 12 Julai

Futi,

Barua imefika. Tiketi nimempa dada yako, aende nayo kwenye semina yake.

Mninga ule tuliuanika miezi minne kabla ya kuupiga randa.

Mama yako mdogo anakusalimu. Mimi nitakusalimu nikiweza.


Tarehe 25 Agosti

Baba mdogo,

Shikamoo, hata kama huitikii. Mama na kaka hawajambo. Barua yako ya mistari michache niliisoma mpaka karatasi ikalegea, na kila siku nilikuwa najiambia nitakwenda kwa fundi kesho. Jumatatu iliyopita, siku yetu ya kufunga, nilikwenda.

Nilimkuta anapiga msasa kichwa cha kitanda. Nikamuuliza mbao zilizobaki kwenye kioo changu zilikwenda wapi. Akacheka, akasema, "Dada, miaka mitatu leo unakuja kudai vipande?" Nikamwambia zilikuwa za baba zangu. Akaweka msasa chini. Akanionyesha kwa kidevu benchi lililo nje ya kibanda chake, amekaa mama mmoja anasubiri kabati. "Mbao kama ile haichomwi," akasema. "Miguu ndiyo nimeweka ya mbao nyingine."

Tukamwomba yule mama asimame, akasimama amenuna, tukaligeuza benchi likalala ubavu. Chini kulikuwa na utando wa buibui na ubani wa kutafuna uliobandikwa na wateja. Ni upande wa chini wa fremu yenu, na mwishoni kona moja iko nzima. Fundi alisema alitaka kuitenganisha ikamshinda, akaamua kukata pembeni yake na kuiacha ilivyo. Aliniuliza ni nani aliyeichonga. Nikamwambia ni baba yangu mdogo, na nilijisikia vizuri kulisema hilo kuliko nilivyojisikia mwaka huu wote.

Baba mdogo, alama iko. Ni kona ya kushoto. Kuna pembetatu, imechomwa, nyeusi, imezama ndani ya mbao, na ncha zake zote tatu zimenyooka. Kando yake, nafasi ya vidole viwili, kuna duara. Hilo halijachomwa. Ni penseli nyekundu tu, imefifia, ilinibidi nilale chini kwenye vumbi la mbao ndipo nikaliona vizuri. Yule mama wa kabati aliniuliza kama nimeangusha hereni.

Kwa hiyo alikuweka. Hilo sasa unalijua. Ila sielewi kwa nini yake hakuimaliza. Labda alisahau, labda hamali walikuwa wanamharakisha. Nimekuchorea hapa chini kama nilivyoona, ukubwa ule ule, nimepima kwa futi.

Fundi hataki kulitoa benchi. Anasema, "Nikikupa, wateja wangu watakaa wapi?" Nimegombana naye siku mbili.

Mwanao, ukitaka bado niwe.


Tarehe 9 Septemba

Mwanangu Futi,

Salamu kwako, na kwa mama yako, na kwa kaka yako na gia zake. Sisi hatujambo. Nimeanza kukusalimu tena, kama unavyoona.

Barua yako niliisoma karakana nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa. Mama yako mdogo alikuja kuniita chakula, akaniona nilivyo, akavuta kiti akakaa karibu yangu bila kuuliza. Nikamsomea yote, pamoja na mchoro wako. Akasema, "Si mlikuwa mnachomeana?"

Tulikuwa tunachomeana. Mimi ndiye niliyekueleza hilo, kwa mwandiko wangu, na mimi ndiye nisiyelielewa. Yangu alikuwa na haki ya kuichoma, akaichoma. Yake asingeweza kuichoma, maana wa kuichoma nilikuwa mimi, na mimi nilikuwa kitandani. Akaichora kwa penseli akaniachia. Hamali alisema kweli, alama ilikuwa moja. Na kama ilikuwa moja tu, ingekuwaje iwe ya baba yako? Mjinga yeyote wa karakana yetu angelijua hilo kabla hajamaliza chai. Mimi nilikuwa na hasira, sikumuuliza hamali ni alama gani, nikamgeuza ndugu yangu mtu wa kujitolea ushahidi mwenyewe.

Aliposema nenda kaangalie, alikuwa ananiita kazini. Kiburi chake kilimzuia asinieleze, changu kikanizuia nisiende, na hapo ndipo tulipofanana. Namkasirikia hata sasa. Angesema neno moja zaidi, "duara langu linakungoja," basi. Na najikasirikia zaidi. Amekaa Jumatano nzima mbele ya picha ile, duara lake liko nyuma yake bado ni penseli, akasema nitakuja. Nimelia, wala sioni aibu kukuambia.

Kuhusu kuikata, sitakusema tena. Ungeiacha pale kwenye tangi ingekuwa kuni, na ningekuja kuangalia majivu. Ila hizo kona mbili za msumari kwenye kioo chako nitazitoa. Siwezi kulala chumba kimoja nazo.

Nafika Jumanne ijayo. Jumatano asubuhi tutakwenda kwa fundi wako wa vitanda. Usigombane naye tena, ni fundi mwenye macho. Mwambie simnyang'anyi benchi, nataka aligeuze robo saa tu, wateja wasimame. Saa nane mchana utanikatia tiketi kama mtu mwingine yeyote, utanionyesha kiti alichokalia baba yako, nami nitakaa hapo mpaka mfunge. Hizo kingo wazi nitazivumilia. Na ile fomu yangu itoe kwenye droo, nataka picha yangu ya ushirika.

Andaa jiko la mkaa. Msumari nakuja nao.

Baba yako mdogo.